Lori Nililolinywesha Maji

Kwenye yadi za magari, gari kuukuu lina bei tatu, na mtu asiyezijua zote tatu heri auze vitunguu. Kuna bei ya mpita njia, yule anayesimama langoni na viatu vyake vipya akiuliza-uliza. Hiyo haina mwisho. Kuna bei ya mteja hasa, aliyekuja na fundi wake na tayari amelala chini ya gari kutazama springi. Halafu kuna bei ya sisi kwa sisi, ile mwenye yadi anayompa mwenye yadi mwenzake. Hiyo ndiyo ya chini kabisa, na ndiyo chungu kuliko zote, maana ukiisha kuipokea huna wa kumlilia. Mteja akidanganywa huja kupiga kelele langoni. Mfanyabiashara akidanganywa na mwenzake hunyamaza, kisha hutafuta wa kumuuzia.

Hayo alinifundisha tajiri wangu wa Thika. Nilikwenda kwake baada ya darasa la nane, nikaosha magari, nikajifunza kuyaendesha, na nilipofika miaka ishirini na miwili nilikuwa ndiye anayetumwa kununua kwa wenzake. Nilikuwa na ndoto moja tu, lori langu mwenyewe, lenye maneno yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele. Maneno nilikuwa nimeshayachagua. Sitayataja, naona haya.

Vita vya shifta kule kaskazini vilikuwa vimeshaota mizizi. Asubuhi moja tajiri aliniita nyuma ya ofisi.

"Garissa magari yamelala," akasema. "Njia za juu zimefungwa, wenye malori hawana pa kuyapeleka. Nenda ukaninunulie lori moja zuri, bei ya sisi kwa sisi. Nina mtu wa mbao anangoja. Urudi na msafara wa Alhamisi ya mwisho wa mwezi, si mwingine."

"Nikirudi nalo?"

"Ukirudi nalo, kona ile ya yadi ni yako. Utakuwa mshirika wangu, si mwoshaji. Ukiniletea takataka au ukachelewa, usinirudie."

Nilicheka kwa furaha. Mimi hucheka upesi, ni ugonjwa wangu. Usiku ule nilipima ile kona kwa hatua katika mawazo yangu, nikaona malori mawili yanaingia, hata matatu yakibanana.

Siku zile gari halikwenda Garissa peke yake. Ulingoja msafara: askari mbele, askari nyuma, na ninyi raia katikati mkila vumbi la wote. Ukiharibikiwa, gari lako lilisukumwa kando na wewe ukapandishwa la nyuma, kwa sababu hakuna aliyetaka kusimama katika vichaka vile. Nilifika na vumbi hadi kwenye meno.

Mzee mwenye yadi niliyotumwa kwake alikuwa na ndevu nyekundu za hina na fimbo aliyoitumia kugongea matairi. Yeye na wenzake wengi wa pale walikuwa wafanyabiashara wa ngamia na ng'ombe kabla hawajagusa usukani. Hilo nilipaswa kuliweka akilini kuliko jambo lingine lolote. Sikuliweka.

"Warya," akaniambia, yaani wewe kijana, "umetoka Thika kuangalia gari ama kuangalia mimi?"

"Gari, mzee."

"Gari iko. Kwanza chai."

Siku ya kwanza nilikunywa chai. Siku ya pili nilikunywa chai. Chai ya maziwa ya ngamia ni tamu, sikatai, lakini nilikuwa na siku zinazohesabika, na kila nilipogusa habari ya lori mzee aliuliza habari za mama yangu. Ikaja sala. Ikaja chakula. Ukaja usingizi wa mchana, mji mzima ukazima kama taa. Jioni ikaja kafyu, kila mtu ndani. Nililala nimekasirika, nikaamka nimesahau, nikakasirika upya.

Uwanjani palikuwa na malori mawili. La kijani lilikuwa ndilo. Injini yake ilinguruma kama mtu aliyeshiba, na bodi yake ya mbao haikuwa na ufa. La pili lilikuwa la kahawia, lori lililozoea kwenda Tarbaj na Hadado kuchukua mbuzi, na sasa mbuzi wenyewe walilala chini yake. Taa moja ilitazama juu, nyingine ilitazama chini. Lilinitia huruma tangu siku ya kwanza, lakini huruma si biashara.

"Mzee, nataka la kijani peke yake."

"Hii mbili ni ndugu. Haiachani."

"La kahawia sina haja nalo."

"Na mimi nitafanya nini na yeye? Nitaoa?"

Yadi nzima ikacheka. Ndivyo biashara hii ilivyo kati ya wenye yadi, na bado ndivyo ilivyo: kizuri huuzwa kwa fungu pamoja na kibaya, ili kila mtu abebe sehemu yake ya taabu. Ukitaka kizuri peke yake unakaa, unakunywa chai, unakataa, hadi mmoja wenu achoke. Mimi nilikusudia kutochoka.

Ipo kanuni nyingine. Mwenye yadi halazimiki kumwambia mwenzake ubovu wa gari, ila akiulizwa neno kwa neno ni lazima ajibu kweli. Basi niliuliza. Gia? Ya pili inaruka. Springi? Moja imefungwa kwa kamba. Breki? "Iko, lakini mwambie mapema." Aliyajibu yote bila kupepesa, la kijani na la kahawia, na mimi nikajiona mjanja. Sikuuliza hata mara moja habari ya rejeta na maji yake. Hakunidanganya. Alinyamaza tu, nami sikuuliza.

Siku ya tatu akaja dalali, mtu mwembamba aliyebeba shuka begani. Bei pale haikutajwa kwa mdomo, kwa sababu waliosimama karibu wote walikuwa wafanyabiashara, na hakuna anayetaka mwenzake ajue alichotoa. Mnapeana mkono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyosema. Ukishikwa kidole hiki ni kiasi fulani, ukibanwa mara mbili ni zaidi, ukisuguliwa kiganja maana yake hapana. Juu ya shuka mnatazamana usoni na kuzungumza habari za mvua.

Mimi mkono wangu ulitoka jasho.

"Huyu mkono yake inalia," dalali akawaambia watu.

"Ni joto," nikasema.

"Sisi wote tuko hii joto, walaal, ndugu yangu."

Chini ya shuka mzee alinibana bei ya la kahawia. Ilikuwa kubwa mno, ya kunichosha tu. Nikamsugua kiganja: hapana. Akabana tena ile ile. Tukaachana hivyo jioni ile ya Jumatatu.

Jumanne mzee akanirushia hendeli ya kuwashia la kahawia. "Endesha mpaka mtoni, urudi. Uone anatembea. Halafu tutaongea ya ndugu yake."

Nikaona hiyo ni hatua: nikilijaribu na kulikataa kwa sababu, atachoka, atanipa la kijani. Nikalipiga hendeli, likakohoa, likaenda. Kwenda lilikwenda vizuri. Kurudi, mbele tu ya lango la yadi, likaanza kuchemka. Mvuke ulitoka pande zote, bomba likalia kama mtoto aliyefungiwa nje. Nikafungua boneti. Siwezi kueleza vizuri, ila lile lori lilikuwa linatetemeka, na ile taa yake iliyotazama chini ilinifanya nione kama limeona aibu.

Mwuza maji alikuwa anapita na punda wake. Nikamsimamisha, nikanunua madebe mawili kwa pesa ya mfuko wangu, nikangoja mvuke upungue, nikamimina polepole. Hata nililiambia, "Pole, mzee wangu, kunywa."

Nilipoinua kichwa, watu wote wa yadi walikuwa wamesimama kwenye uzio wa miiba. Kisha mzee akaja, akanishika mikono miwili, uso wake una nuru kama wa mtu anayepokea mkwe.

"Mabruk, hongera," akasema. "Umenywesha."

"Nimenywesha nini?"

"Gari. Maji yako, pesa yako. Sasa ni yako."

Nikacheka. Hakuna aliyecheka nami. Ndipo dalali akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni aliyeingia msikitini na viatu. Mnyama akiwa kwenye mapatano, mnunuzi humtazama, humpanda, humfungua mdomo, na bado si wake. Lakini akimpa maji aliyoyapata yeye mwenyewe, amemkubali. Mtu hanyweshi mnyama wa mwenzake katika nchi ambayo maji hutolewa chini ya ardhi kwa jasho. Na bei ni ile ya mwisho iliyobanwa mkononi.

"Mzee," nikasema, na sauti yangu ilipanda, "hili ni lori!"

"Amekunywa ama hajakunywa?"

"Lingepasuka!"

"Sasa hajapasuka. Ni kwa sababu yako. Allah akulipe."

"Na kama ningemimina maji ya kwako?"

"Ingekuwa ya kwangu bado," akajibu upesi, kwa heshima kabisa. "Kwa nini hukuomba?"

Niliomba kesi isikilizwe. Jumatano asubuhi wenye yadi wanne waliketi juu ya matairi, nikasimama mbele yao kama mwizi wa kuku. Nilieleza. Walisikiliza vizuri mno. Kisha mmoja akaanza habari ya ngamia jike aliyenyweshwa Hadado na mtu asiye wake, babu yake akiwa kijana, na jinsi ugomvi wake ulivyochukua misimu miwili ya mvua. Mwingine akasema huyo hakuwa Hadado, alikuwa Bute. Wakabishana juu ya kisima. Mimi na msafara wangu wa kesho tulisimama pale juani tukingoja wakubaliane ngamia aliyekwisha kufa alikunywa wapi.

Mwishowe wakaamua: lori ni langu. Lakini, akasema mkubwa wao akimgeukia mzee, nawe una lako. Aliyeuza mnyama humsindikiza hadi maji ya kwanza ya njia. Usipomfikisha, mauzo yamevunjika.

"Nitamfikisha," mzee akasema.

Nililipa. Kilichobaki hakikutosha hata bodi ya la kijani, na kabla ya adhuhuri mfanyabiashara mwingine wa bara akalichukua bila hata kunywa chai ya pili. Mchana huo nilikimbilia ofisi kutafuta kibali cha njia. Karani, mtu wa kwetu, akaniita ndugu, akaniambia nije kesho. Nikamwambia msafara wa kesho ni alfajiri. Akaniambia basi nije alfajiri, na ofisi yenyewe hufunguliwa saa mbili. Nusura nilie. Nadhani aliona, maana aligonga muhuri huku akinung'unika.

Usiku nilijipa moyo. La kijani limekwenda, sawa. Lakini nikifika kesho na hili, likasuguliwa, likapakwa rangi kidogo, huenda mtu wa mbao akalipenda. Angalau nisichelewe. Hicho ndicho kilichobaki mkononi mwangu: kutochelewa.

Alhamisi alfajiri mzee alinikuta nimeshawasha injini. Alivaa kanzu safi na kubeba debe la maji kichwani kama mwanamke.

"Mzee, hapana haja. Mto ni hapo tu."

"Mto ndiyo maji ya kwanza," akasema, akapanda.

Pale pa kuvukia palikuwa na kizuizi cha askari, na msafara ulikuwa umeshapangwa. Askari kijana alikuja dirishani. Akatazama kibali changu, akasema, "Sawa, ndugu." Akamtazama mzee. "Wewe, shuka. Pasi iko wapi?"

Mzee hakuwa na pasi ya kutoka mjini. Hakuwa anatoka mjini.

"Anasindikiza gari," nikasema.

"Gari husindikizwa?"

"Ndiyo. Hadi maji. Nililinywesha, sasa yeye..." Nikasikia maneno yangu mwenyewe, nikaona jinsi yanavyokaa masikioni mwa mtu wa kwetu, siku zile, kando ya mto, karibu na malori ya serikali. Kwa nini mzee wa mji aje na debe kwenye msafara kabla ya jua? Debe lilimwagwa chini, likachunguzwa ndani. Mzee akakalishwa mchangani mikono ikiwa magotini. Kanzu ile safi.

Sajini akaja. "Nani anamjua huyu?"

Kulikuwa na watu wengi waliomjua. Kila mwenye yadi aliyekuwa na gari kwenye msafara alimjua, na yule wa la kijani alikuwa amekunywa chai yake jana tu. Wote walitazama usukani wao. Siwalaumu sana, ukimjua mtu siku zile uliulizwa unamjuaje.

Injini za mbele zikawashwa.

"Mimi namjua," nikasema. Nilikasirika hata nilipokuwa nasema. Nilimkasirikia sajini, nikamkasirikia mzee na mila yake, nikakasirikia ngamia wa Hadado.

"Basi kaa naye hapa mpaka afisa aje aandike."

"Afande, msafara unaondoka."

"Naona."

Ningeweza kusema, aa, simjui sana, niliuziwa gari tu. Nilimtazama mzee pale mchangani. Hakunitazama, ili nisione haya nikiamua kwenda. Nikalitoa lori kwenye mstari, nikalisimamisha kando. Magari yakapita moja moja, la kijani la tano, likinguruma kama mtu aliyeshiba.

Afisa alikuja alasiri. Kutwa nzima tulikaa kwenye kivuli cha lile lori.

"Kwa nini hukuniacha niende peke yangu?" nikamuuliza. "Hakuna ambaye angejua."

"Wangejua. Wangesema, mzee aliuza mnyama, akaacha njiani na kiu." Akanigeukia. "Na wewe? Kwa nini hukwenda?"

"Sijui. Na sasa sina kazi."

"Pole, kijana," akasema, kisha akarudia, na mara hii ya pili sauti yake haikuwa ya sokoni.

Afisa aliandika jina lake, jina langu, na namba ya lori, akatuachia. Tulirudi mjini lori likichemka, nikalimiminia maji ya mtoni. Nikaona huu ndio wakati mwema, moyo wake umelainika.

"Mzee, baada ya yote haya, huwezi kulichukua lori lako?"

"Lori yangu?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Lori gani?"

Nilimwandikia tajiri habari yote, na jibu lake likaja na msafara uliofuata, mistari miwili kwenye karatasi ya leja. Mtu wa mbao alikuwa amenunua kwingine. Lori nililolinunua lilikuwa ndilo mishahara yangu yote, na nisirudi. Nilikaa nayo ile karatasi langoni kwa muda. Kisha nikatazama uwanjani, na nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na lori. Nilicheka, kisha nikalipiga teke tairi, kidole kikavimba.

Mzee alinipa kona ya yadi yake, bure, bila kusema. Nikapakia mapipa, nikawa nabeba maji kutoka mtoni hadi mjini, kazi ambayo haikuhitaji msafara. Pipa moja katika sita lilikuwa la lori lenyewe. Lilikunywa njiani likienda, likanywa likirudi. Nimewahi kuwa na wajomba walevi, hakuna aliyekunywa hivyo.

Siku moja alikuja kijana kutoka Nairobi, ametumwa na yadi ya huko. Nguo zimepigwa pasi, kijitabu mfukoni. Akalitamani la kahawia, maana sasa lilikuwa na rangi mpya na taa zote mbili zilitazama mbele. Aliuliza gia, nikajibu. Springi, nikajibu. Breki, nikamwambia aiambie mapema. Chini ya shuka vidole vyangu vilibana bei nzuri, mkono mkavu, akanisugua kiganja. Nikampa hendeli, nikamwambia, endesha hadi mtoni, urudi.

Wenye yadi wote walikuja kusimama kwenye uzio. Mzee aliacha chai yake. Niliona kwenye nyuso zao kwamba hii ndiyo siku yangu. Nikiuza hivi, nitaketi nao juu ya matairi kama mwenzao.

Lori likarudi, likachemka palepale mbele ya lango. Kijana akafungua boneti. Akalitazama kwa huruma, nami nikaijua ile huruma. Akageuka, akamwita mwuza maji. Akatoa pesa yake mwenyewe. Akainua debe.

"Wee!" nikapiga kelele. "Usimimine!"

Kwenye uzio watu walishika vichwa. Dalali alitupa shuka lake chini. Kijana alisimama na debe hewani, maji yanamwagikia viatu vyake.

"Kwa nini?" akauliza.

Mzee alikuwa ameshanifikia. "Warya," akasema kwa uchungu kabisa, "wewe biashara hutawahi kuweza. Kamwe."

"Najua, mzee," nikamjibu. Nikachukua debe langu, la maji yangu, nikaenda kulinywesha lori langu.